Forester inayolala kwenye kona: pa kuanzia kabla ya kununua springi

Swali ninaloulizwa gereji kuliko yote ni hili: "Fundi, nataka gari langu litulie kwenye kona, nifunge springi gani?" Mara nyingi muulizaji ana Subaru Forester ya kizazi cha pili, ile SG iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 2002, na kwenye simu yake tayari kuna picha ya springi nyekundu au za bluu. Mteja wa namna hii nampenda kwa sababu anajali gari lake. Lakini mimi springi huwa naziweka mwishoni, na leo nataka kueleza kwa nini, kwa kutumia gari hilohilo.

Gari linashika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wake kama kiganja cha mtu mzima. Vyote vilivyo juu yake, yaani springi, shokapu, amu (mikono ya chuma inayoshika magurudumu), bushi (mipira ya kwenye maungio ya amu) na stabilaiza, vipo ili vipande hivyo visiachane na lami, vilale juu yake sawasawa, na vigawane uzito vizuri. Ukilishika hilo, kila kifaa unachouziwa utakipima kwa swali moja: kinaisaidia tairi, au kinabadilisha sura ya gari tu?

Nyingi ya SG zinazotembea Tanzania na Kenya ziliingia zikiwa zimeshatumika Japani, na hata zile za mwisho kutengenezwa sasa ni za zamani. Bushi za amu za chini, hasa ile kubwa ya upande wa nyuma wa amu ya mbele, huwa zimepasuka kabla mwenye gari hajajua kwamba zipo. Bushi ikipasuka, ukikanyaga breki amu inarudi nyuma kidogo na tairi inabadili uelekeo bila wewe kugusa usukani. Dereva anaona gari limelegea, analaumu springi. Gari la hivyo ukilifungia springi ngumu, utakuwa umeongeza nguvu inayozipiga bushi ambazo zimeshakufa.

Hapa nina jambo ambalo ningependa kila fundi alifuate. Boliti ya bushi ya mpira ikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Mpira huo umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajipinda. Ukiukaza magurudumu yakining'inia, gari linaposhushwa tayari umeshapindwa kabla ya kuanza kazi, na kila shimo linaupinda zaidi. Baadhi ya bushi zinazotupwa kwa kusingiziwa kuwa feki zilikufa kwa sababu hii tu. Bushi za poliuretani, yaani plastiki ngumu inayofanana na mpira, nazo zina mahali pake. Kwenye stabilaiza nazifunga bila wasiwasi, mradi zipakwe grisi ya silikoni, la sivyo zitalia. Kwenye amu inayotakiwa kujipinda pande nyingi kwa wakati mmoja nabaki na mpira wa kawaida.

Baada ya bushi zinakuja shokapu. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu inaizuia springi isiendelee kuruka baada ya shimo au tuta. Ukitaka kujua hali yake, sikiliza gari linavyopita kwenye rasta za barabara kuu ukiwa kwenye kona: kama nyuma inahamahama kuelekea nje, tairi inarushwa na haishikwi na kitu.

Forester nyingi za SG zina habari ya pekee upande wa nyuma. Zilikuja na shokapu zinazojisawazisha: ukipakia mizigo, mtikisiko wa safari yenyewe unapampu mafuta ndani ya shokapu mpaka nyuma inanyanyuka. Shokapu hizo zikifa, nyuma inakaa chini na haipandi tena. Hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Mtu ananunua shokapu za kawaida, anazifunga pamoja na springi zilezile, na gari bado limechuchumaa. Sababu ni kwamba springi za mfumo ule zilitengenezwa laini makusudi, kwa kuwa shokapu ilikuwa inabeba sehemu ya mzigo. Ukihamia shokapu za kawaida, badili na springi za nyuma kwa pamoja. Hii ndiyo hali ambayo nakubali springi zipande daraja.

Kwa mizunguko ya mjini na safari za lami, KYB Excel-G mpya zinalirudisha gari karibu na lilivyokuwa kiwandani, na wengi wakifika hapo wanagundua kwamba hiki ndicho walichokuwa wanakitafuta. Anayekimbiza gari mara kwa mara kwenye changarawe iliyokatika mawimbi namshauri shokapu za mrija mmoja, mfano za Bilstein. Ndani yake gesi na mafuta vimetenganishwa na pistoni, hivyo mafuta hayatoki povu kirahisi na shokapu hailegei katikati ya safari.

Sasa tuingie kwenye stabilaiza, kwa sababu hapa ndipo shilingi yako inapofanya kazi kubwa kuliko popote. Ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, chuma hakifanyi chochote. Gari likiinama kwenye kona, kinajipinda na kupinga. Ndiyo maana unaweza kupunguza kulala kwa gari bila kuwaumiza abiria migongo kwenye kila tuta.

Lakini faida yake kubwa haionekani kwa macho. Chukua gari la kilo 1,500, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 60 kutoka chini, na upana kati ya tairi za kushoto na kulia uwe mita 1.5. Likikata kona kwa nguvu inayolingana na nusu ya uzito wake, kilo 300 zinahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Hakuna stabilaiza wala springi itakayozipunguza hizo 300, ila ukishusha kitovu au ukipanua upana. Stabilaiza inaamua tu sehemu gani ihamie mbele na sehemu gani nyuma. Na tairi ikiongezewa uzito, mshiko wake hauongezeki kwa kiwango kilekile, kwa hiyo upande unaohamisha uzito mwingi ndio unaopoteza mshiko mapema.

Forester ina injini iliyokaa mbele ya ekseli ya mbele, na kiwandani imepangwa ili pua itangulie kuteleza, jambo ambalo ni salama kwa dereva wa kawaida. Ukifunga stabilaiza nene nyuma, nyuma inachukua sehemu kubwa zaidi ya zile kilo 300, tairi za mbele zinapumua, na pua inaingia kwenye kona. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto, yenye kona nyingi za milimani, utaiona tofauti. Ila usidanganywe na milimita chache. Ugumu wa chuma hiki unapanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne: kutoka milimita 16 kwenda 20, ugumu unakaribia mara mbili na nusu. Ukipitiliza, nyuma ndiyo itakayoanza kuteleza, na itakuchagulia siku ya mvua. Linki (vijiti vinavyounganisha stabilaiza na magurudumu) na vishikizo vya kwenye bodi vikaguliwe kwanza, kwa sababu chuma kinene kinavivuta zaidi.

Zimebaki springi na kimo. Mbele, Forester inatumia mfumo wa MacPherson, uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940, ambapo shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayoshika gurudumu. Bodi ikilala kwenye kona, inazunguka nukta fulani, na mahali pa nukta hiyo panategemea pembe ya amu ya chini. Ukishusha gari mpaka amu ielekee juu upande wa gurudumu, nukta inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na gari linaweza kulala zaidi kuliko kabla hujalishusha. Kukata springi kwa grainda sikufanyi kabisa: springi fupi inaweza kutoka kwenye kiti chake gurudumu likining'inia, na gari linakalia mpira wa kikomo (ule unaopokea kishindo shokapu inapofika mwisho) muda wote, kwa hiyo ugumu unaruka ghafla katikati ya kona. Spesa za kunyanyua nazo zina bei yake. Ukipandisha lile gari la mfano kwa sentimita 5, zile kilo 300 zinakuwa 325, na jointi za shafti zinafanya kazi kwenye pembe kali zaidi.

Yote haya yakishafungwa, nenda alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za tairi, na uzito wa kawaida wa safari zako uwe ndani ya gari. Kati ya boliti mbili zinazofunga shokapu ya mbele ya Subaru upande wa gurudumu, ile ya juu ndiyo inayorekebisha mwinamo wa tairi, hivyo shokapu ikifunguliwa tu, vipimo vimeshahama. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, mbele na nyuma. Upepo ujazwe kwa namba zilizo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kama stabilaiza yako ina matundu ya kurekebisha, anza na lile la mwisho kabisa, lililo mbali na pale chuma kilipokunjwa, kwa sababu ndilo laini. Endesha hivyo mpaka mvua inyeshe, uone nyuma inavyokaa, ndipo uje tuisogeze.