Keria ya Nyuma kwenye Pikipiki Nyepesi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba uzito ulioandikwa kwenye keria ndio uzito unaoruhusiwa kubebwa. Ukweli ni kwamba namba ile inaihusu keria peke yake. Mzigo hupita kwenye keria, ukaingia kwenye bolti, kisha ukaishia kwenye fremu ya nyuma, ambayo katika pikipiki nyepesi mara nyingi imetengenezwa kwa mabomba membamba ili kupunguza kilo. Katika KTM 690 Enduro R, kwa mfano, kazi hiyo ya fremu ya nyuma hufanywa na tangi la mafuta la plastiki. Kwa hiyo kiwango halali ni kile kilicho kidogo zaidi kati ya cha keria, cha fremu na cha uzito wa jumla uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, na katika hesabu hiyo ya jumla wamo dereva, mavazi yake, keria yenyewe na sanduku likiwa tupu. Ni bahati mbaya kwamba wauzaji wengi huitaja namba ya kwanza tu.

Wengine husadiki kwamba kilo kumi ni kilo kumi popote zinapowekwa. Chukua pikipiki ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni sentimita 145, kisha ufunge mzigo wa kilo 10 ambao kitovu chake kipo sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la nyuma litaongezewa karibu kilo 12.8, na la mbele litapunguziwa karibu kilo 2.8, kwa sababu mzigo huo unaiinua pikipiki kwa mbele kama wenzo. Hapo ndipo usukani huanza kuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mchanga na milima, jambo ambalo madereva wengi hulilaumu tairi. Hesabu hiyo, tena, ni ya pikipiki iliyosimama. Kwenye mashimo, nguvu inayoifikia fremu huwa kubwa zaidi. Vitu vizito, kama vile spana na maji, vikae karibu na kiti na chini kadiri iwezekanavyo, na keria iachiwe hema au nguo.

Kuhusu bolti, kuna imani kwamba kukaza kwa nguvu zote ndiko usalama. Bolti ya milimita 6 kwa kawaida hutosheka na takriban Nm 10 (newtonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na ukizidisha sana utaharibu hesi, yaani mikato ya mzunguko inayoishika bolti, hasa zikiwa za alumini. Kilicho muhimu zaidi ni mpangilio wa kazi: bolti zote ziingizwe kwa vidole kwanza, keria ijikalie yenyewe, ndipo zikazwe kwa zamu. Keria iliyovutwa kwa nguvu ili matundu yalingane hubaki na mkazo wa kudumu, na nyufa huanzia hapo. Iwapo bolti mpya zinapita kwenye bamba nene zaidi kuliko vishikio vya awali vya abiria ambavyo keria imechukua nafasi yake, ni lazima ziwe ndefu zaidi, la sivyo zitashikwa na hesi chache mno. Gundi ya hesi husaidia dhidi ya mtetemo, lakini haiondoi haja ya kuzikagua baada ya kilomita chache za kwanza za njia mbovu.

Alumini nayo husifiwa kupita kiasi. Ni nyepesi, naam, ila chuma huchomelewa kwa urahisi zaidi kikivunjika safarini.

Mwisho, keria haimaliziki kufungwa pikipiki ikiwa tupu. Springi ya shokomzoba irekebishwe kulingana na mzigo, kisha mtu akae juu na kuibonyeza ili kuhakikisha kwamba tairi haligusi kitu, mikanda haifiki kwenye ekzosi, na taa ya nyuma pamoja na kibao cha namba vinaonekana.