Je, Wajua? Kwa Nini Ushahidi Unaomtosha Mwanauchumi Haumtoshi Mwanafizikia

Rusha sarafu mara tano. Ikiangukia kichwa mara zote tano, utaanza kuishuku, kwa sababu sarafu isiyo na hila hufanya hivyo mara 1 tu kati ya 32, yaani takriban asilimia 3. Shaka ya kiwango hicho inawatosha watafiti wengi wa tiba, saikolojia na uchumi. Kama bahati tupu ingeleta matokeo ya aina hiyo chini ya mara 5 katika 100, wao husema matokeo yana maana kitakwimu. Mwanafizikia wa chembe ndogo hatashtuka. Yeye anataka kichwa kitokee karibu mara 22 mfululizo.

Hesabu hizi hupimwa kwa sigma, yaani kiasi ambacho vipimo huyumbayumba vyenyewe hata kama hakuna jambo lolote. Ule mpaka wa asilimia 5 ni takriban sigma 2. Tarehe 4 Julai 2012, CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Ulaya, ilipotangaza kuonekana kwa chembe mpya iliyokuja kuthibitishwa kuwa Higgs, chembe iliyokuwa ikisakwa kwa miongo kadhaa, timu zake mbili, ATLAS na CMS, zilikuwa zimefika sigma 5: bahati peke yake ingeleta ishara kama ile mara 1 hivi kati ya milioni 3.5.

Asilimia 5 si kanuni ya maumbile. Mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, aliipendekeza mwaka 1925 kwa sababu tu ilikuwa rahisi kutumia. Na shambani ilikuwa na mantiki yake. Jaribio la mbolea hula msimu mzima. Ukidai uhakika wa moja kwa milioni utazeeka kabla hujajua mbolea ipi inafaa. Tena Fisher hakukusudia jaribio moja lifunge mjadala. Alitaka jaribio ambalo likirudiwa, ni nadra kushindwa. Sehemu hiyo ya maneno yake ndiyo iliyosahaulika.

Mwanafizikia ana tatizo jingine: anatazama mahali pengi mno. Grafu yake ina mamia ya vituo, na katika kila kituo kinundu kinaweza kujitokeza kwa bahati. Ukipima mambo 20 yasiyo na ukweli wowote kwa mpaka wa asilimia 5, uwezekano wa angalau moja kukudanganya ni asilimia 64. Watafiti wa vinasaba walilijua hili kwa gharama. Wanaposaka chanzo cha ugonjwa kwenye jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya binadamu, huhesabu kwamba wanafanya kama vipimo milioni moja vinavyojitegemea, hivyo huigawa asilimia 5 kwa milioni. Mpaka wao unakuwa 1 kati ya milioni 20, mkali kuliko hata wa CERN.

Kuna kosa ambalo hata wenye shahada hulifanya: kudhani kwamba kupita mpaka wa asilimia 5 ni kuwa na uhakika wa asilimia 95. Sivyo. Chukua dhana 1,000 ambazo 100 tu ndizo za kweli. Majaribio mazuri yatagundua 80 kati ya hizo 100. Katika zile 900 za uongo, asilimia 5, yaani 45, zitapita kwa bahati. Jumla ni "ugunduzi" 125, na 45 kati yake ni hewa: asilimia 36. Kadiri dhana za kweli zinavyokuwa adimu katika fani, ndivyo uchafu huu unavyozidi.

Sasa mwanauchumi. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake Pennsylvania halikupandisha. Ili kuona kama nyongeza hiyo inapunguza ajira, wanauchumi David Card na Alan Krueger walikusanya, hasa kwa simu, takwimu za wafanyakazi wa migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada, wakimhesabu mfanyakazi wa muda kama nusu mtu. New Jersey, wastani wa wafanyakazi kwa mgahawa ulipanda kutoka 20.44 hadi 21.03. Pennsylvania ulishuka kutoka 23.33 hadi 21.17. Badiliko la kwanza ukilitoa la pili unapata tofauti ya wafanyakazi karibu 2.8, huku kuyumba kwa makadirio kukiwa karibu 1.4. Gawanya: sigma 2 tu.

Kwa nini wasingoje sigma 5? Kwa sababu sheria ile ilipita mara moja, na Aprili 1992 hairudi. Hata wangepata migahawa 40,000, sigma zingepanda lakini swali kuu lingebaki palepale: je, Pennsylvania ni kioo halali cha New Jersey isiyopandisha mshahara? Ubishi uliofuata ulihusu hasa ubora wa takwimu za simu dhidi ya zile za daftari za mishahara, na ulinganisho wenyewe. Kwa maoni yetu, huko ndiko mwanauchumi anapostahili kubanwa. Sigma hupima bahati tu; haijui kama ulilinganisha vitu visivyolingana.

Wanafizikia nao walilionja hilo. Septemba 2011 timu ya OPERA ilitangaza kwamba chembe za nyutrino, zikisafiri kilomita 730 hivi kutoka CERN hadi Gran Sasso, Italia, zilifika nanosekunde 60 (sekunde moja ina nanosekunde bilioni moja) mapema kuliko mwanga. Hesabu ilionyesha sigma 6. Baadaye ilibainika kwamba waya mmoja wa nyuzi za kioo, uliopeleka saa ya setilaiti kwenye mitambo, haukuwa umekazwa sawasawa.