Masafa ya ndege: ANT-25 haikuruka kilomita 12,411 kwenda Marekani

Masafa ya ndege ni umbali mrefu kabisa ambao ndege inaweza kwenda kwa mafuta iliyobeba, bila kutua na bila kujazwa njiani. Maana yenyewe ni nyepesi. Tatizo ni kwamba watu huchukua namba zinazopima mambo tofauti wakaziita zote masafa, na ANT-25 ya Urusi ya Kisovieti imeonewa sana kwa kosa hilo. Utasoma kwamba ilitoka Moscow ikafika Marekani, kilomita 12,411. Kufika ilifika, ila si kwa kilomita hizo.

ANT-25 ilitoka katika ofisi ya Andrei Tupolev, usanifu wake ukisimamiwa na Pavel Sukhoi, nayo ilitengenezwa ili iende mbali. Iliruka mara ya kwanza Juni 1933. Ilikuwa na injini moja, M-34, na mabawa ya mita 34 kutoka ncha hadi ncha, wakati mwili wake ulikuwa mita 13 na ushei tu. Bawa refu jembamba hubeba uzito kwa ukinzani mdogo wa hewa. Matangi yalitandazwa ndani ya mabawa hayo, kwa hiyo uzito wa mafuta haukurundikana katikati na kulielemea shina la bawa. Mwanzoni bati lake lilikuwa la migongomigongo na liliikwaza hewa. Likafunikwa kitambaa kilichoshonwa na kupakwa laka mpaka likawa laini.

Sasa hizo kilomita 12,411. Ni za Septemba 1934, pale rubani Mikhail Gromov na wenzake Filin na Spirin walipozunguka njia iliyofungwa, yaani inayorudi ilikoanzia, kwa saa 75, wakiwa ndani ya nchi yao muda wote. Rekodi ya mzunguko huhesabu kila kilomita ya njia iliyopangwa. Rekodi ya mstari mnyoofu huhesabu umbali mfupi kabisa juu ya uso wa dunia kati ya mahali pa kuondokea na mahali pa kutua, basi. Ukikwepa dhoruba kwa kilomita 500, mafuta yameungua lakini hupati hata moja.

Ndivyo ilivyomkuta rubani Valery Chkalov, pamoja na Baidukov na Belyakov, waliporuka na ANT-25 kutoka Moscow Juni 1937. Walivuka Ncha ya Kaskazini, wakapambana na barafu na dhoruba, wakatua Vancouver katika jimbo la Washington baada ya saa 63 na ushei. Njia waliyopita ilikuwa kama kilomita 9,130. Zinazohesabiwa ni 8,504. Mwezi uliofuata Gromov, Yumashev na Danilin walipita juu ya Ncha hiyohiyo hadi San Jacinto, California: kilomita 10,148 kwa saa 62 na dakika 17. Hiyo ndiyo iliyokuwa rekodi ya dunia ya mstari mnyoofu.

Wapo wanaodhani mzunguko ni rahisi kwa sababu upepo unaokupinga kwenda utakusukuma kurudi. Hesabu inakataa. Ndege ya kilomita 160 kwa saa ikikutana na upepo wa 40, itakwenda kwa 120 upande mmoja na 200 upande mwingine, na wastani ni 150, kwa kuwa inakaa muda mrefu zaidi kwenye mbisho, yaani upepo unaoipinga. Faida ya mzunguko ni nyingine: unachagua hali ya hewa, na unaweza kuunguza mafuta karibu yote kwa sababu uwanja uko jirani.

Namba nyingine inayochanganywa ni muda wa kukaa angani. Kwa ndege ya panga boi, mwendo unaokuweka hewani saa nyingi zaidi si ule unaokufikisha mbali zaidi. Wa masafa huwa juu kwa karibu theluthi moja. Nao haubaki palepale. Mafuta yanavyopungua ndege inakuwa nyepesi, na rubani anatakiwa apunguze mwendo kidogo kidogo. Akishikilia mwendo wa kuondokea hadi mwisho, anatupa mafuta. Upepo wa mbisho ukizidi, hapo anaongeza mwendo kidogo, maana kila saa anayochelewa inamrudisha nyuma.

Kwa hiyo ukiandika juu ya ANT-25, 12,411 iandikie "mzunguko, 1934", na safari ya Gromov kwenda California iachie 10,148 zake. Chkalov naye apewe 8,504, hata kama njia aliyopita ilikuwa ndefu zaidi.