Taa ni ileile ila jicho la mdudu limebadilika: kemia inayopima mwanga

Msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa wanaotegwa kwa taa, ukifika, Masaka hapa Uganda inawaka mataa usiku kucha, mabati yamesimamishwa juu ya madramu, na kila mtu anawaza taa tu, iwe na wati ngapi, iwe rangi gani. Sisi wa utafiti wa wadudu tunaomba muangalie na upande wa pili, yaani jicho lenyewe, manake mwanga ukishaingia humo kuna kemikali zinazoamua utapewa uzito gani.

Aliyechunguzwa zaidi ni yule nzi mdogo anayezunguka ndizi bogoya zilizoiva sana. Kila jicho lake lina vijicho kama 750 hivi na kila kijicho kina seli 8 za kupokea mwanga, na kila seli ina vinyweleo makumi ya maelfu vilivyojaa protini inaitwa rodopsini. Chembe moja tu ya mwanga ikiigonga rodopsini, yenyewe inaamsha protini nyingine, nayo inaamsha kimeng'enya kinachokata mafuta fulani ya kwenye utando wa seli, basi milango inafunguka, kalsiamu na sodiamu zinaingia, umeme unatokea. Kwetu binadamu ni kinyume kabisa, mwanga unafunga milango.

Sasa hapo kalsiamu ndo ya kuangalia sana. Ikiwa kidogo inaharakisha milango ifunguke, ikijaa inairudisha chini na kusaidia rodopsini izimwe, kwa hiyo nzi akitoka kivulini chini ya mgomba akaingia jua kali haoni weupe mtupu, seli imeshapunguza uzito wa kila chembe. Mwaka 1969 watafiti Cosens na Manning walieleza nzi wenye kasoro ya kurithi, kwenye mwanga hafifu wako sawa tu, ila kwenye mwanga mkali baada ya muda mfupi wanakuwa kama vipofu, na baadaye ikajulikana shida iko kwenye mlango wa kalsiamu ambao leo unaitwa TRP. Milango ya ukoo huohuo tunayo na sisi, mmoja wao ndo unaotufanya tusikie pilipili inawasha, na ni sehemu ya kazi iliyowapa David Julius na Ardem Patapoutian tuzo ya Nobeli 2021.

Alafu kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi, kwamba seli inaweza kubadilishwa na kemikali inayotoka nje yake. Nzige wa jangwani, wale walioingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, Februari 2020, seli za jicho lao mchana zinapitisha potasiamu kwa namna moja na usiku kwa namna nyingine, mchana zinajibu haraka, usiku zinakubali kuchelewa kwa sababu mwanga ni haba. Watafiti waliweka serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kwa seli, kwenye seli za mchana zikageuka kuwa kama za usiku, bila kugusa taa yoyote! Utafiti huo ulitoka 1995.

Kwa hiyo unayejaribu taa za nsenene, au mitego ya mbu, usiandike wati na rangi peke yake. Andika na saa uliyoiwasha, na kama hao wadudu walikuwa wametoka gizani au walishakaa kwenye mwanga wa jirani.