Mashine ya kugonganisha chembe si bomu

Kwenye baraza za kahawa Ujiji, ardhi ikitikisika kidogo tu utasikia: "Hao Wazungu wamewasha tena lile bomu lao la chini ya ardhi." Wanakusudia LHC, mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, maabara ya fizikia ya nchi za Ulaya, iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tetemeko kubwa la Ziwa Tanganyika lilipiga Desemba 5, 2005. LHC iliwashwa mara ya kwanza Septemba 10, 2008, karibu miaka mitatu baadaye. Ziwa letu limekaa ndani ya Bonde la Ufa, halihitaji kusaidiwa na mtu kutikisika.

Maana yenyewe ni fupi. Ni bomba la mviringo, kilomita 27 kulizunguka, lililofukiwa kwenye kina cha mita mia hivi. Ndani yake protoni, chembe ndogo za ndani ya kiini cha atomi, hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga katika mikondo miwili inayokwenda pande zinazopingana, kisha hugonganishwa ili ionekane kinachochomoka. Ndivyo ilivyopatikana chembe ya Higgs, inayohusika na chembe nyingine kuwa na uzito, iliyotangazwa Julai 4, 2012, miaka 48 tangu mwanafizikia Peter Higgs na wenzake waibashiri. Maada ya giza, ile isiyoonekana bali hujulikana kwa mvuto wake tu, bado inasakwa.

Sasa hili la bomu. Bomu la nyuklia hufanya kazi kwa mnyororo: kiini cha atomi kikipasuka hutoa chembe ziitwazo nyutroni, nazo hupasua viini vingine, navyo vingine, hata kufumba na kufumbua mji umekwisha. Protoni zikigongana hakuna mnyororo. Kila mgongano huanza na kuishia hapo hapo. Nishati yake, teraelektronivolti 13.6 kwa kipimo cha wanafizikia, ni kama ya mbu kumi na wanne wanaoruka, ila imebanwa mahali padogo mno kuliko atomi. Huko kubanwa ndiko wanasayansi wanakokutaka.

Jumla ni habari nyingine. Protoni zote za mkondo mmoja zina nishati ya kutosha kuyeyusha nusu tani ya shaba, na mkondo ukishatumika huelekezwa kwenye gogo la grafiti la mita 8 hivi ukafie humo. Kwa hiyo hatari ipo, lakini ni ya mtambo na mafundi wake. Siku tisa baada ya kuwashwa, kiungio cha umeme kati ya sumaku zinazoongoza protoni kiliharibika, tani kadhaa za heliamu ya kuzipoza zikavuja, sumaku zikang'oka kwenye vishikizo. Kurudi kazini kulichukua zaidi ya mwaka.

Wapo wanaouliza swali zito zaidi: likizaliwa humo shimo jeusi dogo, kitu chenye mvuto mkali unaomeza kila kilicho karibu, je? Miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi zitokazo anga za juu, inaipiga dunia tangu ilipoumbwa, na mingine ina nishati inayoiacha LHC mbali sana. Mbishi mzuri atasema kinachozalishwa na miale hiyo hupita kasi kikatoka, cha kwenye mashine kinaweza kubaki. Sawa. Lakini zipo nyota zilizoshindiliwa sana, nyota za nyutroni na vibete vyeupe, ambazo zingekinasa. Nazo zinapigwa na miale hiyo hiyo, na bado tunaziona angani, hazijamezwa.

Basi, mzee wangu, sema mashine ya kugonganisha chembe, hata ukisema mtambo tu inatosha. Ukitaka kuwabana, waulize bei: sasa wanapanga nyingine ya kilomita 91, makadirio yake ni faranga za Uswisi bilioni 15 hivi, na wenyewe Ulaya bado wanavutana.