Je, wajua kwa nini msamaha wa wahamiaji hutazama nyuma?

Septemba 2024, Falme za Kiarabu zilipofungua msamaha kwa wageni waliopitisha muda wa viza, habari ilifika kwetu Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwa simu kutoka kwa watu wetu walioko kyeyo, yaani kazi za ughaibuni. Mama mmoja jirani ana binti Dubai ambaye makaratasi yake yalikuwa yamekwisha. Akaniuliza: "Mwanangu, mdogo wake naye si apande ndege sasa hivi, maadamu mlango umefunguliwa?" Nikamwambia ndiyo, asichelewe.

Nilikosea kabisa. Kosa hilo nimelisikia tangu wakati huo kwa madereva wa malori, kwa wabadilisha fedha pale mpakani, hata kwa mwalimu mmoja, na linaweza kumfanya mtu auze shamba zima kwa safari ya bure. Msamaha ule uliwahusu waliokuwa wamevunja masharti ya viza kabla ya tarehe 1 Septemba 2024. Mtu wa aina hiyo alifutiwa faini, ambayo ni dirhamu 50 kwa kila siku iliyopita, kisha akachagua: atengeneze makaratasi yake abaki, au arudi nyumbani bila kupigwa marufuku ya kuingia tena. Dirisha liliongezwa muda mara moja, likafungwa 31 Desemba. Aliyefika baada ya tangazo hakuguswa nalo, na hakuna aliyepata uraia kwa njia hiyo.

Kwa nini wengi wetu Uganda tunakosea hapohapo? Nadhani ni kwa sababu neno msamaha tulilijua kwanza kutokana na vita. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimhusu Mganda yeyote aliyeshiriki, au anayeshiriki, katika uasi wa silaha tangu 26 Januari 1986. Itazame tarehe hiyo vizuri: ni ya kuanzia. Sheria haikusema uasi uwe umekoma kabla ya siku fulani, kwa kuwa nia ilikuwa kuwatoa watu msituni, na kila aliyetoka, hata kwa kuchelewa, alikuwa faida. Zaidi ya watu 26,000 walisamehewa. Basi tukazoea kwamba msamaha ni mlango ulio wazi kwa yeyote atakayekuja.

Msamaha wa wahamiaji umejengwa kinyume chake. Serikali inataka kumaliza suala la waliokwisha kuwa ndani bila kuwaita walio nje, na chombo cha kazi hiyo ni tarehe ya mwisho iliyowekwa nyuma.

Aliyepitiwa na bomba la mafuta linalotoka Hoima kwenda Tanga anakijua chombo hiki bila kufundishwa. Wapimaji walifika, wakahesabu migomba, kahawa, miembe na nyumba, kisha ikatajwa siku: kitakachopandwa baada ya hapo hakilipwi. Siku hiyo isingekuwapo, kijiji kizima kingeamka alfajiri kuchimba mashimo ya migomba. Sasa sogea hatua moja. Tuseme uvumi umewatangulia wapimaji kwa mwezi mzima. Ukihesabu siku ya kufika, unaihesabu na migomba ya uvumi. Njia iliyobaki ni kutumia picha ya shamba iliyopigwa kabla mtu yeyote hajasikia neno fidia.

Hivyo ndivyo Marekani ilivyofanya. Sheria iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan tarehe 6 Novemba 1986 ilimtaka mwombaji awe ameishi nchini humo tangu kabla ya 1 Januari 1982. Mjadala wenyewe ulikuwa ukiendelea bungeni tangu 1982, kwa hiyo tarehe ikaangukia kabla ya kelele kuanza. Waliokubaliwa walikuwa kama milioni 2.7, wakiwemo zaidi ya milioni moja walioingia kwa mlango wa pembeni wa vibarua wa mashambani, ambao walitakiwa kuonyesha siku 90 za kazi ya shamba katika mwaka ulioishia 1 Mei 1986. Hata wao hawakupewa uraia papo hapo. Walianza na ukaazi wa muda, ukafuata wa kudumu, na baadaye sana, kwa aliyetaka, ombi la uraia.

Na hapa ndipo suala hili linaponishangaza hadi leo. Tarehe iliyopita inadai ushahidi wa wakati uliopita. Kwetu ungekwenda kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, akakuandikia barua na kugonga muhuri kwamba anakufahamu tangu mwaka fulani. Los Angeles hakuna LC. Mtu aliyekuwa amejificha miaka mitano, akilipwa mkononi na kupanga chumba kwa jina la mwenzake, alitakiwa sasa atoe stakabadhi za kodi na karatasi za mshahara. Aliyejificha vizuri zaidi ndiye aliyekuwa na ushahidi mdogo zaidi.

Tarehe hiyo ilikata familia pia. Baba aliyefika 1981 alifaa, mkewe aliyemfuata 1984 hakufaa. Ilibidi serikali yao itoe nafuu mwaka 1987 kwa baadhi ya watoto, na 1990 ikawafikia wenzi wa ndoa, ili wasifukuzwe. Moyo wangu uko upande wa familia hizo, ingawa naelewa kwa nini mstari ulichorwa.

Je, tarehe ya nyuma huzuia kweli wengine wasije? Utafiti uliopima watu waliokamatwa mpakani na Mexico uliona kwamba msamaha wa 1986 haukubadilisha mwendo wa uhamiaji kwa muda mrefu. Ni kweli wasio na vibali waliongezeka hadi milioni 12 hivi mwaka 2007, lakini kazi zilikuwa nyingi, Mexico ilikuwa na misukosuko ya uchumi, na ulinzi mkali wa mpaka uliwafanya waliozoea kwenda na kurudi wabaki hukohuko. Kuutenga mchango wa msamaha peke yake ni kazi ngumu, na anayeusema kwa uhakika, upande wowote, anasema zaidi ya ushahidi uliopo.

Wamarekani wana kifungu kingine cha zamani zaidi, cha mwaka 1929, kinachompa ukaazi mtu aliyeishi humo tangu kabla ya tarehe maalumu. Bunge lilikuwa likiisogeza mbele kila baada ya miaka kadhaa. Sheria ileile ya 1986 iliipeleka hadi 1 Januari 1972, na haijasogezwa tena tangu hapo. Mtoto aliyevushwa mpaka mgongoni mwa mama yake mwaka 1971 anaweza kuomba leo, akiwa na zaidi ya miaka 50. Mdogo wake aliyevushwa mwaka uliofuata hawezi.