Ginko na kumbukumbu za wazee wetu: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Pale Ngamiani mzee akianza kurudiarudia swali lilelile, hakosi jirani wa kusema, "Mtafutieni ginko." Kopo la vidonge vya majani ya mti wa ginko, lililoandikwa Ginkgo biloba, linanunuliwa, mara nyingi na mtoto aliyeko Dar, na nyumba nzima inatulia. Nia ni njema. Ila baadhi ya tunayoambiana kuhusu vidonge hivi yanaweza kumuumiza mzee.

"Ginko inakinga ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu."

Dai hili limeshapimwa. Marekani, wazee 3,069 wa miaka 75 na kuendelea waligawanywa: wengine walipewa ginko miligramu 120 mara mbili kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa vinavyofanana navyo. Walifuatiliwa kwa takriban miaka 6. Matokeo yalipotoka mwaka 2008, ginko haikuwa imepunguza ugonjwa. Ufaransa nako walipimwa wazee zaidi ya 2,800 waliokuwa wakilalamika kusahau, na mwaka 2012 jibu likawa lilelile.

Tuseme haki lakini: kwa watu ambao tayari wanaugua na hali si mbaya sana, baadhi ya tafiti zimeona nafuu kidogo kwa dondoo maalumu (kiini kilichochujwa) la majani yake, miligramu 240 kwa siku. Nafuu hiyo si kinga, na majani yaliyosagwa tu na kutiwa kwenye kopo si dondoo hilo.

"Ni majani tu, hayana madhara."

Hii ndiyo inayonitia hofu. Kwa mtu mzima wa afya, ginko huleta pengine kichwa kuuma, kizunguzungu au tumbo kuchafuka. Lakini inaweza pia kuzuia damu isigande vizuri, na wazee wetu wengi wanameza aspirini ndogo ya moyo, wengine wafarini ya kuzuia damu kuganda, wengine diklofenaki ya magoti kila siku. Ukichanganya na ginko, hatari ya kuvuja damu inaweza kuongezeka. Kwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji, hata kung'oa jino, madaktari wengi hushauri aiache wiki 2 kabla.

Mwenye kifafa asiiguse bila ruhusa ya daktari, kwa sababu mbegu za mti huu zina sumu inayoleta degedege, na majani yake huweza kuwa nayo kidogo. Anayetumia ARV naye aulize kwanza kliniki, kwani ginko imewahi kuhusishwa na kushuka kwa kiwango cha efavirenzi, mojawapo ya dawa hizo, mwilini.

Na daktari akiuliza, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?" jibu huwa "Hakuna." Mitishamba haihesabiwi kuwa dawa. Jamani, itajeni.

"Mtoto wa mtihani itamsaidia kukariri."

Hakuna ushahidi wa kuaminika kwa kijana mwenye afya. Mwacheni alale vya kutosha.

"Kusahau ni uzee tu, hakuna cha kutafuta."

Kipo, tena kingine kinatibika kabisa. Mwenye kisukari aliyemeza metformini kwa miaka anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo hufifisha kumbukumbu. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo, mtu huwa mzito wa mawazo. Sonona baada ya kufiwa hufanana sana na kusahau kwa uzee. Dawa za usingizi nazo huvuruga. Na mzee aliyeanguka wiki chache zilizopita, kisha akaanza kuchanganyikiwa, huenda damu imevilia ndani ya kichwa. Huyo awahishwe hospitali leo, asingojeshwe kopo liishe.

Kwa wengine, anzeni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Bombo mkipewa rufaa. Aende na mtu anayeishi naye, maana mwenyewe hawezi kueleza anachosahau, na wabebe dawa zote kwenye mfuko mmoja, kopo la ginko likiwemo. Ombeni apimwe presha, sukari, wingi wa damu na tezi, na kama anatumia metformini, ulizeni kuhusu B12.